Mnada wa Trekta

Klabu yetu ina mwiko mmoja ambao kila kocha mgeni hufundishwa kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Mchezaji tunayemtaka hatajwi. Hatajwi jina, hatajwi timu anayotoka, hatajwi hata mguu anaopigia, mpaka siku atakapovaa jezi yetu na kusimama nayo katikati ya uwanja. Kabla ya hapo anaitwa "mzigo". Mzigo uko njiani. Mzigo umekwama. Mzigo unataka nyumba ya kupanga yenye maji ndani. Inasemekana mwiko ulianza mwaka tuliomtangaza kipa mpya asubuhi kwenye spika za uwanja, na jioni yake akaonekana akidaka mipira golini kwa klabu ya majirani zetu.

Baba yangu, mwenyekiti wa klabu, anaulinda mwiko huu kuliko anavyolilinda duka lake la vifaa vya ujenzi. Mimi ni mhazini. Cheo hicho nilikipata nilipomaliza chuo, kwa sababu mhazini aliyenitangulia alijiuzulu katikati ya msimu akaenda kufuga kuku, akisema kuku ukiwachelewesha chakula hawaji kukugongea mlango.

Na kweli msimu ule aligongewa sana. Baba na kamati yake walisajili washambuliaji watatu kwa mpigo, wakalipa ada za uhamisho kama watu wenye kisima cha pesa, na ilipofika nusu ya ligi hazina ilikuwa nyeupe. Wachezaji wakaondoka mmojammoja, bila ugomvi, kama wageni wanaoona chakula hakitaletwa. Mwishoni winga wetu wa kulia alikuwa mwalimu wa makipa, mtu mzima mwenye kitambi, aliyekuwa akiomba mpira umfuate alipo. Hatukushuka daraja kwa sababu moja tu: timu iliyokuwa juu yetu ilinyang'anywa pointi.

Kisha bahati ikatuangukia. Klabu moja kubwa ilikuja kumchukua kijana wetu wa winga ya kushoto na ikalipa vizuri. Kwenye kikao cha kamati niliomba jambo moja tu: kwanza mishahara. Tuweke benki mishahara ya wachezaji wote kwa msimu mzima, miezi tisa, ndipo tuzungumze mengine. Baba alikubali kwa uso wa mtu aliyekatazwa sukari na daktari.

Siku ileile nilimfuata nahodha. Ni beki wa kati, mrefu, mpole, na wakati huo usiku alikuwa analinda ghala la nafaka, asubuhi anakuja mazoezini na macho mekundu. Mke wake alikuwa amejifungua mapacha. Nilimwambia mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo kwamba msimu huu atalipwa kila mwisho wa mwezi, wote watalipwa.

"Una uhakika, dada?" aliniuliza.

Nikamwambia ninao. Kesho yake aliacha lindo. Sikumshauri aache, aliniamini tu. Kuanzia siku hiyo kila nilipoiangalia akiba ile benki sikuona pesa, niliona mtu mmoja amelala usiku kitandani kwake kama binadamu wengine.

Halafu Baba akamwona Trekta.

Trekta ni jina la uwanjani. Ni mshambuliaji wa timu moja ya daraja letu, mkubwa wa mwili, si mwepesi, lakini mpira ukimfikia ndani ya boksi unatulia kama paka aliyefika nyumbani. Baba alirudi kutoka kumtazama akashindwa kumaliza chakula. Mama akamuuliza kama anaumwa. "Nimeona mzigo," Baba alisema, na Mama, ambaye ameishi na ugonjwa huo tangu harusi yao, akafunika sahani bila swali la pili.

Ofa ya kwanza ya Baba ilikuwa sawa na mishahara ya timu nzima kwa miezi miwili. Mimi tayari nilikuwa nimezoea kupima kila kitu kwa miezi. Ukiniuliza bei ya nyavu mpya nitakwambia ni siku nne. Kamati ilipitisha, mimi nikanung'unika, na ningeishia hapo. Lakini wakala wa Trekta, kijana mwenye simu tatu ambaye mjini wote wanamwita Mtandao, alirudi na habari kwamba kuna wengine wanamtaka mchezaji huyohuyo, na wameweka zaidi.

Baba akapanda. Wale wengine wakapanda. Baba akapanda tena.

"Ni majirani zetu hao," aliniambia, amekaa ofisini kwake nyuma ya duka, kati ya makopo ya rangi na mizunguko ya nyaya. Hakuwa na ushahidi wowote. Mtandao alimwambia tu kwamba upande wa pili hautaki kutajwa, na kwa Baba hilo lilitosha: nani mwingine angeficha mambo namna hiyo kama si majirani waliotuibia kipa? Kadiri bei ilivyopanda ndivyo alivyopunguza kuzungumzia magoli na kuzidisha kuzungumzia heshima.

Ilipofika miezi mitano nilimuuliza wachezaji watakula nini msimu ukifika katikati. Akasema magoli yataleta watu na watu wataleta viingilio. Nilimkumbusha kwamba robo ya mashabiki wetu hutazama mechi wakiwa wamekaa juu ya ukuta wa uwanja, na ukuta haukati tiketi. Akacheka, kwa sababu ni kweli, kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, wewe unaona akiba. Mimi naona tukishuka daraja."

"Na nahodha ataona nini, Baba?"

Simu ikaita. Ilikuwa Mtandao.

Kufikia Alhamisi bei ilikuwa miezi saba. Dirisha la usajili lingefungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na hundi ya klabu haitoki bila sahihi mbili, yake na yangu. Baba hakunifokea. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenifokea. Alisema tu kwamba mhazini akikataa kusaini ataelewa, ila binti yake akikataa, hilo atashindwa kulielewa. Kisha akaenda kumhudumia mteja wa misumari.

Nilikwenda kwa Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba na ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia "wewe mtoto, kaa chini" na Baba akakaa. Ni fundi cherehani, ana kibanda nyuma ya soko, na ndiye mkuu wa tawi letu la mashabiki. Anashona jezi zetu, anaongoza nyimbo, na waamuzi wanamjua kwa sauti. Nilitaka amzuie mdogo wake.

Nilipoingia, alirusha kipande cha pazia juu ya kitu alichokuwa anashona. Hakurusha vizuri. Mkono wa jezi ulibaki nje, rangi zetu, na ulikuwa mkono mpana kama foronya. Nikauvuta. Ikatoka jezi ambayo wachezaji wetu wawili wangeweza kuivaa kwa pamoja na kubaki na nafasi ya mgeni.

Nilijua ni nani tu anayeweza kuijaza.

"Shangazi, Baba ameshaagiza jezi?"

"Baba yako ameingiaje hapa? Hii haimhusu. Na wewe hujaona kitu."

"Ni ya nani?"

"Ya mzigo."

"Mzigo gani?"

"Mzigo ni mzigo, ukiutaja unaharibika. Wewe umekulia kwenye klabu hii au tulikuokota?"

Lakini uso wake ulikuwa umejaa fahari ya mtu anayebeba siri tamu, na siri tamu huwa nzito kwa Shangazi. Ikamtoka. Tawi la mashabiki lilikuwa limechanga tangu msimu uliopita. Wameuza skafu, wameosha magari, wameandaa bonanza. Walitaka siku ya ufunguzi wa ligi wamtoe mshambuliaji mpya katikati ya uwanja, zawadi kwa mdogo wake, maana amehangaika na timu hii mpaka mvi zimemtoka. Walikuwa karibu kabisa. Tatizo ni kwamba kulikuwa na watu wenye roho mbaya. Kila tawi likipanda, wao wanapanda.

"Wakala wenu ni nani?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Yule kijana wa simu tatu."

Niliketi juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha, na Shangazi akaniletea maji akidhani mafunzo ya chuo sasa yamenipanda kichwani.

"Shangazi," nilisema nilipoweza, "hao watu wenye roho mbaya ni Baba."

Alichomoa sindano mdomoni. "Rudia."

Nikarudia. Aliikunja jezi, akafunga kibanda, na tukaenda dukani kwa mwendo ambao watu walitupisha njia.

Baba alikuwa anampimia mzee mmoja misumari ya bati. Shangazi alimwuliza mzigo wake unaitwa nani. Baba akasema anajua kabisa kwamba mzigo hauitwi. Akamuuliza yeye ana mzigo gani. Shangazi akasema na wake pia hauitwi. Wakasimama hivyo, kaka na dada, kila mmoja amekaza midomo, mzani ukining'inia katikati, na nikatambua kwamba watu hawa wako tayari kufilisika pamoja kuliko kutamka neno moja.

"Trekta," nilisema mimi.

Baba alifumba macho kama aliyemwagiwa maji. Mzee wa misumari akainua kichwa akauliza kwa furaha kama ni Trekta yule wa kule, anakuja kwetu? Baba akamwongezea misumari konzi nzima bila malipo na kumwomba sana asisikie alichosikia. Mzee aliahidi. Kwa jinsi alivyotoka mbio, nilijua soko zima litasikia kabla ya adhuhuri.

Ukweli ulipowaingia, jambo la kwanza walilofanya wale wawili lilikuwa kufurahi. Hilo sikulitegemea. Walikumbatiana. Baba akasema basi tukiunganisha nguvu tunamchukua hata leo, na Shangazi akasema na beki wa kushoto juu yake. Ilibidi niulize tawi lina kiasi gani mkononi.

"Mkononi," alisema Shangazi, akijikuna shingo, "ni kama ile ofa ya mwanzo ya baba yako. Iliyobaki ni ahadi."

"Ahadi za nani?"

"Za mashabiki."

Hata Baba aliguna. Na alipombana dada yake, ikajulikana kwamba kesho yake asubuhi alikuwa aiweke rehani cherehani yake kubwa ya kudarizi. Baba alikasirika, akamwita hana akili. Shangazi akamuuliza yeye amepanga kulipa kwa nini. Baba akanitazama mimi.

Tukampigia mwenyekiti wa timu ya Trekta, simu ikiwa kwenye spika. Baba alimweleza kistaarabu kwamba kumetokea kichekesho, yule mshindani aliyekuwa anapandisha bei ni dada yake wa tumbo moja, hivyo turudi kwenye ofa ya kwanza tumalize. Upande wa pili ulicheka kwa raha.

"Mwenyekiti mwenzangu, leo ni dada. Kesho utaniambia ni mama mkwe."

Shangazi akainyakua simu akasema yeye ndiye dada mwenyewe. "Shikamoo, dada," yule bwana alimwamkia kwa adabu zote, na bei ikabaki palepale. Hakuamini hata nusu. Alisema mchezo huo wa kushusha bei ameuchoka, na kwamba kabla ya ofa zetu hakujua kama ana almasi kwenye benchi, tunamfumbua macho wenyewe halafu tunataka kuyafumba. Bei ni ileile, au tusipigiane tena.

Baba alikaa juu ya mfuko wa saruji. Alipiga hesabu kwa vidole, kimyakimya, na nilimwona anapofika. Miwili kutoka kwa tawi. Mitano kutoka kwenye akiba.

"Ni mitano tu, mwanangu," alisema. "Tunabaki na minne. Hapo katikati tutapata pa kushika."

Kila mwaka kuna pa kushika, na kila mwaka tunakuta hewa. Lakini alikuwa baba yangu, amekaa kwenye saruji na vumbi limemjaa suruali, na sikuwa na moyo wa kumpiga hotuba. Nilimwambia nitasaini. Ila kabla sijasaini, aende yeye mwenyewe akamwambie nahodha.

Alikubali haraka, kama mtu aliyetegemea bei mbaya zaidi. Tukapanda gari lake la mizigo, sote watatu.

Nahodha anaishi vyumba viwili vya kupanga, uani. Tulimkuta anaanika nguo za watoto, ndogondogo, kamba nzima, na vibanio vingine amevishika kwa meno. Alipomwona mwenyekiti amekuja mwenyewe nyumbani, alifuta mikono, akatoa viti, akamwita mkewe aje aone. Alidhani ni heshima. Alianza kushukuru kabla Baba hajafungua mdomo. Alisema tangu aache lindo analala usiku, na asubuhi miguu inamsikiliza. Jana amemkimbiza winga wetu mpya wa kulia na kumpata, jambo ambalo halijatokea tangu awe baba.

Baba alikohoa. Akasema amekuja kwa jambo la usajili. Akasema timu bila mshambuliaji ni shida. Nahodha akakubali, akasema naye amelifikiria hilo: kona. Tukipata kona yeye atapanda mbele. Baba akamuuliza akipanda yeye nyuma atabaki nani, na nahodha akachukua vibanio vya nguo akavipanga chini kwenye mchanga, hawa mabeki, huyu kiungo, hapa mpira. Baba akainama akasogeza kibanio kimoja. Hapana, huyu hapa. Shangazi akasema wote wawili hawajui mpira, akasogeza viwili. Walibishana hivyo mpaka mke wa nahodha alipotoka kuuliza kama ana ruhusa ya kupata vibanio vyake.

Tulipofika kwenye gari Baba hakuwasha.

"Nimeshindwa," alisema.

Nilimwambia naona.

Alimpigia yule bwana palepale, akamwambia ofa imeondolewa, amshike almasi yake. Shangazi alimgonga bega mara moja, kama anavyowagonga wachezaji wanaotoka uwanjani kwa kubadilishwa, na njia nzima hakuna aliyezungumza mpira. Siku hiyo Baba alikula chakula chote, ingawa taratibu.

Ijumaa duka lilijaa. Mzee wa misumari alikuwa amefanya kazi yake, Shangazi naye akamalizia yaliyobaki, na watu walikuja kwa kisingizio cha kununua bawaba na tepu ili waulize kama ni kweli, na kwa nini imevunjika. Kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu jina la mzigo lilikuwa mitaani, na pamoja nalo sababu yote: kwamba mhazini kagoma, kwamba pesa ni ya mishahara, kwamba msimu huu watu watalipwa kila mwisho wa mwezi. Wengi hawakufurahi. Mmoja aliniita Kufuli, na jina likanikaa kuanzia saa hiyo. Baba aliendelea kuwauzia bawaba.

Alasiri, Shangazi akiwa amekuja dukani na pesa za tawi mkobani, simu ya Baba iliita, namba ngeni. Alisikiliza, akasimama, akaiweka kwenye spika juu ya kaunta. Sauti ilikuwa nzito na ya aibu kidogo.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Ni mimi, Trekta."

Tulitazamana. Wiki zote zile tumezungumza na wakala, na mwenyekiti wake, na sisi kwa sisi bila kujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzungumza naye yeye.

Alisema amesikia maneno mjini na hataki kutuchosha. Kule aliko hawajamlipa miezi mitatu. Kwa kanuni za ligi mchezaji wa namna hiyo anaruhusiwa kuondoka bila ada, na barua yake ya kuachiwa ofisi ya ligi ilishampa tangu wiki iliyopita. Hilo Trekta hakumwambia Mtandao, kwa sababu Mtandao naye ana deni kwake. Alikuwa na swali moja tu.

"Nimeambiwa huko kwenu mnalipa mwisho wa mwezi. Ni kweli, au ni maneno ya mjini?"

Baba alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. Nafikiri alikuwa anaiona ile miezi saba ikipita mbele yake, yote, kwa mtu aliyekuwa bure. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya dirisha la usajili likiwa wazi. Alinisogezea simu.

"Muulize mhazini," alisema.

Nilimtazama Shangazi, na nikamwonyesha kwa vidole ile miwili. Alielewa. Kile tawi lilichokuwa nacho mkononi kingelipa mishahara ya mchezaji mmoja msimu mzima na kubaki. Alisita kidogo, maana zawadi aliyoiota ilikuwa kubwa kuliko mshahara, kisha akafungua mkoba na kuliweka bunda lote kwenye kaunta, kati ya kufuli na bawaba.

Nikamwambia Trekta kwamba atalipwa sawa na nahodha, si zaidi hata kidogo, na hakuna pesa ya kusaini. Hakuna nyumba yenye maji ndani. Ila tarehe ya mwisho wa mwezi, kila mwezi, miezi tisa, pesa yake itakuwepo, kwa sababu wakati huu ninaiona kwa macho.

Baba alianza kuuma kucha. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na moja, na ofisi ya ligi iko upande wa pili wa mji.

"Mazoezi," Trekta aliuliza, "yanaanza saa ngapi?"